Baiskeli ya Kukunja kwa Msafiri wa Mwendokasi: Ibebe Kabla Hujaiendesha

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetumia Mabasi Yaendayo Haraka, maarufu kama mwendokasi, kwa kawaida huhesabu safari yake kuanzia anapogusisha kadi langoni hadi anaposhuka. Hata hivyo, kwa wakazi wengi sehemu ngumu ya safari ipo kabla ya lango hilo na baada yake: kilomita 2 au 3 za barabara ya mtaa kutoka nyumbani hadi kituoni, na umbali mwingine kama huo kutoka kituo cha mwisho hadi kazini. Kilomita 3 kwa miguu huchukua zaidi ya nusu saa. Kwa bodaboda ni dakika chache, lakini dakika hizo hulipiwa kila siku, kwenda na kurudi.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi anayelipa bodaboda shilingi 1,000 asubuhi na shilingi 1,000 jioni. Kwa siku 22 za kazi, mwezi humtoka shilingi 44,000 kabla hajalipa nauli ya basi. Akinunua baiskeli ya kukunja kwa shilingi 400,000, fedha hizo hurudi katika mwezi wa kumi, kwa sharti moja: awe bado anaitumia baiskeli hiyo mwezi wa kumi. Sharti hilo ndilo kiini cha makala haya, kwa sababu zipo baiskeli za kukunja ambazo wenyewe walizitumia kwa wiki mbili, zikawachosha, na sasa zimeegemezwa uani zikisubiri kuuzwa kwa nusu ya bei.

Miundombinu ya kumsaidia mpanda baiskeli ipo kwa sehemu. Awamu ya kwanza ya mradi wa mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, ina urefu wa takriban kilomita 21 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, na pembezoni mwake zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu kutokana na mradi huo. Lakini baiskeli ya kawaida, yenye urefu unaokaribia mita 2, haina nafasi ndani ya basi la saa moja asubuhi. Inayoweza kupata nafasi ni ile inayokunjwa ikawa na ukubwa wa sanduku la safari.

Kosa la kwanza la mnunuzi hutokea dukani. Huipanda baiskeli, huizungusha mara mbili mbele ya duka, huiona nyepesi kukanyaga, hulipa. Kipimo hicho ni cha baiskeli ya kawaida. Msafiri wa basi ataendesha kwa dakika 15, ambazo baiskeli karibu yoyote nzima itazimudu, kisha ataibeba kwa dakika 5: kupanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, kupita langoni, kusimama kwenye foleni, kuingia basini na kushuka watu wakisukumana. Dakika hizo 5 ndizo zinazoamua kama baiskeli itatumika au itabaki uani. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni kuikunja, kuinyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika mkoba wako wa kazini, na kupanda nayo ngazi zisizopungua 30. Kama duka halina ngazi, jirani yake haikosi jengo la ghorofa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekupa taarifa muhimu bila kukusudia.

Uzito wa kukadiria ni huu. Baiskeli za kukunja zilizotengenezwa vizuri kwa aluminiamu au chuma chepesi huwa na kilo 11 hadi 14. Zile za chuma kizito, ambazo ni nyingi katika shehena za mtumba kutoka Japani, hufika kilo 16 na zaidi, hasa zikiwa na kikapu, keria na taa ya dainamo. Kilo 12 ni sawa na dumu la maji la lita 10 na kidogo juu yake. Kilo 17 zinakaribia ndoo ya lita 20. Kila mmoja wetu anajua tofauti ya kupandisha mizigo hiyo miwili ngazini.

Pamoja na uzito, lipo umbo. Mikunjo inayopatikana kwa wingi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hukatika katikati ya fremu: kuna bawaba kubwa karibu na magoti ya mpandaji, sehemu ya mbele hugeuka na gurudumu moja likalala ubavuni mwa jingine, kisha bomba la usukani na la kiti hushushwa. Kampuni ya Dahon, iliyoanzishwa na David Hon nchini Marekani mwaka 1982, ndiyo iliyoueneza sana mkunjo huu, na baiskeli nyingi za bei nafuu zinazoonekana katika masoko yetu ni za muundo huo. Zikiwa na magurudumu ya inchi 20, hukunjika hadi wastani wa sentimita 80 kwa 65 kwa 35. Aina ya pili ni ile ya Brompton, baiskeli iliyobuniwa London na mhandisi Andrew Ritchie kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Hapa gurudumu la nyuma huzungushwa chini ya fremu, la mbele hugeuzwa kando, na kifurushi kinachobaki kina takriban sentimita 65 kwa 59 kwa 27. Mnyororo unabaki katikati ya magurudumu, hivyo hauwapaki watu mafuta. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na bei yake ni ya kazi nzuri ya uhandisi.

Jambo lisiloandikwa katika tangazo la muuzaji ni kama baiskeli ikishakunjwa hubaki imekunjika. Baadhi huwa na sumaku au ndoano inayoshikanisha magurudumu mawili. Nyingine hazina, na ukiinyanyua tu hufunguka kama mkasi ukiwa katikati ya watu. Mkanda wa mpira wa kufungia mizigo unatosha kurekebisha kasoro hiyo, lakini ni vema kuijua kabla. Muda wa kukunja nao una maana yake: mtu aliyezoea hutumia sekunde 20 hivi, na kama baada ya majaribio matano dukani bado unatumia dakika nzima, basi mengi yatakuacha.

Miji iliyotangulia kuruhusu baiskeli hizi katika usafiri wa umma imeweka masharti yanayoonesha jinsi wasimamizi wa vyombo vya usafiri wanavyofikiri. Singapore imeweka ukomo wa sentimita 120 kwa 70 kwa 40 kwa baiskeli iliyokunjwa ndani ya treni na mabasi. London huruhusu baiskeli zilizokunjwa katika treni zake za chini ya ardhi wakati wote, ilhali zisizokunjwa huzuiwa saa za msongamano. Japani hutaka baiskeli iingie katika treni ikiwa imefungwa ndani ya mfuko. Hoja katika nchi zote tatu ni moja: chombo kisichukue nafasi ya abiria na kisimchafue wala kumuumiza.

Kwa msafiri wa Dar es Salaam, hilo lina maana mbili. Kwanza, kabla ya kulipa fedha, fika katika kituo unachokitumia na upate maelekezo kutoka kwa wasimamizi wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) au mtoa huduma kuhusu ukubwa wa mizigo inayokubalika na saa zake, ukiwa umebeba vipimo vya baiskeli hiyo kwenye karatasi. Anayetumia daladala azungumze na kondakta wa njia yake, maana huyo ndiye atakayeamua kama kifurushi ni mzigo wa kulipiwa. Pili, tengeneza mfuko. Kitambaa kizito cha turubai kilichoshonwa na fundi cherehani wa mtaani, chenye mkanda wa begani, hubadilisha kabisa namna abiria wengine wanavyokipokea kifurushi chako. Baiskeli yenye mnyororo uliopakwa grisi kando ya sketi ya sare ya muuguzi ni ugomvi unaosubiri breki ya kwanza. Ndani ya mfuko ni begi tu.

Wenye bahati zaidi katika suala hili ni wakazi wa Kigamboni wanaovuka kwa kivuko hadi Magogoni, hatua chache kutoka kituo cha Kivukoni. Ndani ya kivuko baiskeli husukumwa bila kukunjwa. Inakunjwa mara moja tu, mlangoni mwa kituo. Lakini hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hupenda boliti za bawaba. Mkazi wa pwani afute maungio kwa kitambaa kikavu kila wiki na kuyapaka mafuta mepesi, la sivyo baada ya msimu mmoja wa masika atakuwa na baiskeli ya kukunja isiyokunjika.

Magurudumu yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Gurudumu dogo hukunjika vizuri, lakini huzama zaidi katika mchanga na hugonga kwa nguvu zaidi ukingo wa shimo. Barabara za ndani za Mbagala, Kigamboni na Goba zina mchanga au changarawe katika maeneo mengi. Kwa njia za namna hiyo gurudumu la inchi 20 lenye tairi pana, kuanzia inchi 1.75, lina nafuu kubwa kuliko la inchi 16 lenye tairi jembamba. Anayetembea kwenye lami tupu anaweza kufaidi udogo wa inchi 16.

Lakini neno “inchi 16” au “inchi 20” peke yake halitoshi. Tazama ubavuni mwa tairi: kuna namba ya tarakimu mbili, mstari mdogo, kisha tarakimu tatu, kwa mfano 47-406. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Tairi la inchi 20 linaweza kuwa 406 au 451, na hayaingiliani. La 406 ndilo linalotumika katika baiskeli nyingi za watoto na za BMX, hivyo tairi na tyubu yake hupatikana kwa urahisi kwa mafundi na maduka ya vipuri. La 451 ni la kuagiza. Vivyo hivyo kwa inchi 16: 305 ni la baiskeli za watoto na hupatikana; 349, ambalo ndilo la Brompton na baadhi ya nyingine, si rahisi kulikuta nje ya maduka maalumu. Mtu anayenunua baiskeli ya 349 anunue na tairi mbili na tyubu mbili za akiba siku hiyohiyo, au ajiandae kutembea kwa miguu siku ya pancha. Dakika moja ya kusoma namba hiyo ina thamani kuliko nusu saa ya kusikiliza sifa za rangi na gia.

Sasa bawaba. Katika baiskeli ya kawaida fremu ni kitu kimoja. Katika ya kukunja, mwili wote wa mpandaji huning’inia kwenye maungio mawili, la fremu na la bomba la usukani. Ungio la fremu likilegea, utasikia baiskeli ikiyumba na una nafasi ya kusimama. La usukani likiachia ukiwa katika mteremko, huna.

Mwandishi wa makala haya anaeleza hili kwa uzoefu. Baiskeli yake ya kwanza ya kukunja ilikuwa ya mtumba, ya chuma, yenye rangi mpya inayong’aa, iliyonunuliwa kwa furaha na bila risiti. Kwa wiki tatu ilitoa mlio mdogo kila alipokanyaga kwa nguvu, na kila siku alijiambia kuwa ni kiti. Fundi wa mtaani, aliyepelekewa kwa ajili ya pancha, ndiye aliyekwangua rangi kwa kucha karibu na bawaba na kuonesha mstari mwembamba wa kutu: ufa uliokuwa umezunguka nusu ya sehemu iliyochomelewa, ukafunikwa kwa rangi kabla ya kuuzwa. Alishauri isiendeshwe hata hadi nyumbani. Ilibebwa.

Tangu hapo ukaguzi wake huwa na mpangilio usiobadilika. Funga bawaba ya fremu, shika breki ya mbele, simama kando na usukume baiskeli mbele na nyuma ukiwa umeweka kidole juu ya ungio. Kidole kisihisi mchezo wowote. Rudia kwa bomba la usukani. Komeo la kila bawaba liwe na kifungio cha pili, yaani kizuizi kinacholifanya lisifunguke kwa kugongwa na goti au mfuko. Komeo lenye hatua moja tu ya kufunga halifai kwa matumizi ya kila siku. Liwe gumu kiasi cha kuhitaji nguvu ya kiganja. Angalia sehemu zote zilizochomelewa kwa mwanga wa simu, ukitafuta mistari ya kutu, rangi iliyopasuka, au rangi mpya mahali pamoja tu huku kwingine ikiwa ya zamani. Hili la mwisho ndilo la kutilia shaka zaidi.

Kuna alama mbili nyingine za kutafuta. Juu ya bomba la kiti na la usukani huchongwa mstari wa kikomo. Bomba lisivutwe hadi mstari huo ukaonekana. Mtu mrefu anayelazimika kuupita mstari ili miguu inyooke atafute baiskeli yenye bomba refu zaidi, kwa kuwa bomba lililoshikwa kwa sentimita chache hupasua fremu. Kisha tafuta kibandiko cha uzito wa juu unaoruhusiwa. Baiskeli nyingi za kukunja hubeba kilo 100 hadi 110, na hesabu hiyo kwa kawaida hujumuisha mpandaji pamoja na mzigo wake. Desturi yetu ya kumpakia mtu nyuma ya keria haina nafasi hapa. Kwa baiskeli mpya, uliza kama imetengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, ambacho kinazihusu na zile za kukunja.

Kuhusu gia maneno ni machache. Wengi huamini kuwa gurudumu dogo humlazimu mtu kukanyaga mara nyingi zaidi. Si lazima. Gurudumu la inchi 20 husogea takriban mita 1.5 kwa mzunguko mmoja. Kama gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma meno 16, kila mzunguko wa pedeli huzungusha gurudumu mara tatu, sawa na mita 4.5, kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni kasi ya kilomita 16 kwa saa, inayotosha kabisa. Kama ya mbele ina meno 36 tu, kasi hushuka hadi kilomita 12 kwa juhudi ileile. Hesabu meno. Kwa anayekaa kwenye tambarare, gia moja inatosha na haiharibiki. Kwa anayerudi jioni akipanda vilima vya Kimara au Pugu, gia tatu hadi saba ni za lazima.

Zile zenye mota na betri zimeanza kuvutia watu, na kwa mpanda milima zina sababu. Kwa msafiri wa basi uzito wake, ambao mara nyingi huzidi kilo 17, unarudisha tatizo la ngazi. Lipo pia suala la moto: betri ya lithiamu iliyoharibika au kubadilishwa kienyeji huweza kuwaka, na ndiyo sababu kuanzia Machi 31, 2025 London ilizuia baiskeli za umeme zisizokunjwa katika sehemu kubwa ya treni zake, ikiacha zile za kukunja. Asiyeweza kununua betri yenye chapa na chaja yake halisi abaki na pedeli.

Si kila msafiri anaihitaji baiskeli hii. Kama ofisi yako ipo mita 300 kutoka kituo unachoshukia, huna sababu ya kuingia na baiskeli basini. Baiskeli ya kawaida, imara na ya bei ndogo, iliyofungwa kwa mnyororo mahali penye mlinzi karibu na kituo cha kupandia, itakuhudumia vizuri zaidi. Baiskeli ya kukunja inamfaa mwenye umbali wa kuendesha katika ncha zote mbili za safari, au asiye na mahali salama pa kuiacha. Mwenye nyumba ya chumba kimoja naye ana sababu yake, kwa kuwa hulala nayo chini ya kitanda.

Anayeamua kununua adai risiti ya EFD na aandikiwe muda wa dhamana kwa maneno, hasa dhamana ya fremu na bawaba. Bidhaa yenye chapa inayotiliwa shaka kuwa bandia itolewe taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Atenge pia fedha za kofia ngumu, taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, kwa kuwa baiskeli yenye magurudumu madogo huwa chini machoni pa dereva wa lori, na baada ya saa 12 jioni giza la Dar es Salaam huingia bila kupiga hodi. Mwisho, ageuze baiskeli juu chini na atafute namba iliyogongwa kwenye chuma, kwa kawaida chini ya ekseli ya pedeli. Aipige picha na kuihifadhi pamoja na risiti; ikipotea, polisi wataiuliza.